KAMERA HAIIJUI SURA YA MTEJA WAKO: somo la mwanga na mpangilio kwa mpiga picha anayeanza

Somo la leo ni la kaka au dada aliyenunua kamera, au anayejichanga anunue, yupo Kahama, Katoro, Geita mjini, Masumbwe, Runzewe, Maganzo au Shinyanga mjini, na anataka hiyo kamera imlipie kodi ya pango.

Hela ya kazi hii ipo. Ukanda wetu una GGM, una Bulyanhulu, una maduara ya wachimbaji wadogo kila kona, una wakulima wa mpunga na pamba. Mtu akipata, anaoa, anafanyia mwanae komunyo, anamfanyia binti send-off. Kila sherehe inahitaji picha.

Ila kazi hii ina ugumu wake. Mwenye duka la nguo akiuza shati lenye kasoro, mteja analirudisha anapewa lingine. Fundi cherehani akikosea, anafumua anashona upya. Wewe ukiharibu picha ya maharusi wakivalishana pete, huwezi kuwaambia warudi kanisani Jumamosi ijayo. Advansi utairudisha, siku yao hutairudisha. Na miji yetu ni midogo, habari ya mpiga picha aliyeharibu harusi inafika Segese kabla wewe hujafika nyumbani.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha kadi za biashara, jifunze haya. Tunaenda taratibu, hakuna haraka.

1. KAMERA INAPIMA MWANGA, HAIMTAZAMI MTU

Hiki ndicho kitu cha kwanza kukielewa, na ukikielewa umemaliza nusu ya kazi.

Kamera ndani yake ina kipimo cha mwanga. Kipimo hicho hakijui kama mbele yake kuna bibi harusi, mbuzi au ukuta. Kinachofanya ni kuchukua mwanga wote unaoingia na kujaribu kuufanya uwe wa wastani, rangi ya kijivu cha katikati. Basi.

Sasa fikiria. Bibi harusi kavaa shela jeupe, limejaa picha nzima. Kamera inaona weupe mwingi, inasema "hapa mwanga umezidi", inapunguza. Matokeo yake shela linakuwa la kijivu na uso wa dada wa watu unakuwa giza.

Geuza. Bwana harusi kavaa suti nyeusi, kasimama mbele ya pazia la rangi nzito. Kamera inaona weusi mwingi, inasema "hapa mwanga hautoshi", inaongeza. Uso unapauka, kola ya shati inaungua inakuwa kama karatasi.

Maharusi ni hao hao, kamera ni hiyo hiyo, na zote mbili zimeharibika. Kamera haikukosea, imefanya ilichotengenezwa kufanya. Anayetakiwa kuijua sura ya mteja ni wewe.

2. VITU VITATU UNAVYOVISHIKA

Fikiria unachota maji bombani. Ndoo inajaa kutegemea ukubwa wa bomba na muda uliolifungua. Kwenye kamera ni hivyo hivyo, halafu kinaongezeka kitu cha tatu.

Tundu la lenzi (wapiga picha wengi wanaita apecha). Hili ndilo bomba. Linaandikwa kwa herufi f: f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Linalowachanganya wanaoanza ni hili: namba ndogo ni tundu kubwa, namba kubwa ni tundu dogo. Kila ukiruka hatua moja kwenda juu, mwanga unapungua nusu. Tundu likiwa kubwa, nyuma ya mtu panakuwa na ukungu mzuri. Tundu likiwa dogo, mbele na nyuma vyote vinaonekana vizuri.

Kasi ya shata. Huu ndio muda bomba linakaa wazi: 1/60 ya sekunde, 1/125, 1/250, 1/500. Kasi ikiwa ndogo, anayetembea anatoka na kivuli cha mtikisiko, na mkono wako ukicheza picha nzima inatikisika. Ukiwa umeshika kamera mkononi, usishuke chini ya 1/125 mpaka uzoee.

ISO. Hii ni nguvu ya kamera kukuza mwanga kidogo ilioupata: 100, 200, 400, 800, 1600, 3200. Kila ukipandisha hatua, picha inang'aa mara mbili. Gharama yake ni chengachenga. Picha ya ISO 3200 kwenye kamera ndogo inaanza kuonekana kama imenyunyiziwa mchanga.

Hivi vitatu vinafidiana. Ukikaza kimoja hatua moja, legeza kingine hatua moja, mwanga unabaki vile vile. Fanya mazoezi ya hesabu hiyo mpaka iwe kama kurudisha chenji.

3. NAMBA ZA KUANZIA

Hizi ni za kuanzia tu, ukishapiga angalia kioo urekebishe.

- Jua kali la wazi: f/8, 1/500, ISO 100.
- Kivulini chini ya mwembe, nje kuna mwanga: f/5.6, 1/250, ISO 400.
- Watu wa mstari miwili au mitatu kivulini: f/8, 1/125, ISO 400.
- Ukumbini usiku, mtu katulia, una lenzi ya f/1.8: f/2, 1/125, ISO 1600.
- Ukumbini usiku watu wanacheza: f/2, 1/250, ISO 3200.
- Ngoma ya bugobogobo mchana, majembe yanarushwa hewani: 1/500 au zaidi, tundu na ISO vifuate.

Kwa kuanzia, mchana tumia modi ya A (kwenye Canon ni Av). Wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi. Ukiona picha ni giza au imezidi, kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/-). Ndicho cha kuijulisha kamera sura ya mteja. Shela limejaa picha, weka +0.7 hadi +1. Suti nyeusi kwenye pazia jeusi, weka -0.7 hadi -1. Mteja kasimama anga jeupe likiwa nyuma yake, weka +1 hadi +2.

Ukumbini usiku hamia modi ya M, kwa sababu taa za mapambo zinaidanganya kamera kila sekunde. Panga namba zako mara moja, jaribu kwa mpambe mmoja kabla maharusi hawajaingia, halafu usiguse ovyo.

Bado huna kamera? Anza na simu. Gusa uso wa mtu kwenye kioo, simu nyingi zitatoa alama ya jua pembeni. Ivute juu au chini uone uso unavyobadilika. Umeshaanza kujifunza bure.

4. JUA LA KWETU LINA TABIA ZAKE

Masomo mengi ya intaneti yametengenezwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua linakaa pembeni muda mrefu. Sisi tupo kama nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta. Mchana jua linakaa utosini. Kati ya Machi 10 na 13, na tena mwishoni mwa Septemba hadi siku za mwanzo za Oktoba, linapita juu kabisa ya kichwa. Hiyo ya pili ndiyo inaangukia msimu wa mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne!

Jua la utosini linafanya nini? Linaweka kivuli cheusi kwenye macho, chini ya pua na chini ya kidevu. Mtoto kavaa joho na kofia, uso mzima umefichwa na kofia yenyewe. Mzazi analipa hela ya picha ya kofia.

Dawa yake ni hii:

Tafuta kivuli kilicho karibu na uwazi. Chini ya mwembe, chini ya baraza, upande wa jengo usio na jua. Msimamishe mtu karibu na ukingo wa kivuli, uso utazame nje kwenye mwanga. Uso unapata mwanga laini, macho yanapata nukta ya uhai. Angalia tu majani yasipitishe vipande vya jua, vitamfanya awe na madoa.

Kivuli hakipo? Mpe jua mgongo, uso ubaki kivulini mwake mwenyewe, halafu rudisha mwanga usoni. Msaidizi ashike shuka jeupe au kitambaa chochote cheupe mbele yake, chini kidogo. Geita hapo angalia udongo: ardhi nyekundu inarusha wekundu chini ya kidevu na kwenye shela. Ukitandika shuka jeupe chini, nje ya picha, wekundu unapungua.

Muda mzuri wa picha za nje za maharusi ni kuanzia saa 11 jioni. Na hapa usinakili ratiba ya watu wa Dar es Salaam. Huku kwetu magharibi jua linazama karibu nusu saa baada ya Dar, kati ya saa 12:35 na saa 1:10 hivi kutegemea mwezi. Hiyo nusu saa ni mali. Mwambie mwenyekiti wa kamati mapema kwamba saa 11 mpaka saa 12:30 ni ya picha. Jua likishazama kwetu giza linaingia haraka, hutapata muda wa kubembeleza.

5. USIMCHUBUE MTEJA

Hili linahitaji tuambiane ukweli.

Zamani kwenye filamu, maabara za kusafisha picha zilitumia kadi za mfano za Kodak kupanga rangi. Kwenye kadi alikuwepo mwanamke mzungu, na kadi zikaitwa "Shirley". Rangi ya ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha ngozi nzuri. Mtu mweusi akipigwa, uso unazama gizani, yanabaki macho na meno. Waliokuwa Kodak walieleza baadaye kwamba kati ya waliolalamika ni wafanyabiashara: watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Filamu zikaboreshwa.

Kamera za leo zina uwezo mkubwa kuliko filamu zile. Sasa hivi tatizo limehamia kwetu wenyewe. Mpiga picha anakosea mwanga, uso unatoka giza, anaenda kwenye kompyuta anamng'arisha bibi harusi mpaka anakuwa mtu mwingine. Mama mzazi akiletewa albamu anauliza, "Huyu ni nani?" Wengine wanadhani wateja ndo wanataka hivyo. Mteja anachotaka ni uso uonekane. Kuonekana na kuchubuliwa ni vitu viwili tofauti.

Namna ya kupata ngozi nyeusi ikiwa na uzuri wake:

Kwanza, ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga unaotoka upande mmoja. Dirisha, mlango ulio wazi, ukingo wa baraza. Mwanga ukipita kwa pembeni, paji la uso, shavu na mfupa wa taya vinapata mng'ao, na sura inakuwa na umbo. Flashi ya kumpiga mtu moja kwa moja usoni inafuta hayo yote na kuacha jasho likimetameta. Tembea na kitambaa safi kwenye begi, mpe afute uso kabla hujapiga.

Pili, pima uso. Kamera nyingi zina kipimo cha nukta moja, kinachopima sehemu ndogo tu ya katikati. Kielekeze shavuni. Lakini kumbuka somo la kwanza: kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Mtu wa maji ya kunde, kipimo kinakaa karibu na sawa. Mtu mweusi tii, kamera itampausha, kwa hiyo shusha -0.7 hadi -1 ili abaki na rangi yake. Mtu mweupe, panda kidogo.

Tatu, washa ile alama ya sehemu zilizoungua kuwaka na kuzima kwenye kioo. Ukiona shela lote linawaka, punguza. Maua ya shela yakishaungua hayarudi hata kwa kompyuta. Uso ulio giza kidogo unaweza kuuinua, hasa ukipiga kwa RAW ambayo inatunza taarifa nyingi kuliko JPEG.

Nne, maharusi wakisimama pamoja, mmoja mweusi mmoja mweupe, yule mweusi zaidi ndo akae karibu na dirisha. Mwanga unawasawazisha wenyewe, huhitaji kompyuta.

6. MPANGILIO WA PICHA: TUMIA MIGUU

Mohamed Amin, mpiga picha Mkenya aliyekulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya mtumba aina ya Box Brownie. Kamera ile ni kama boksi tu, vya kurekebisha karibu hamna. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zikazunguka dunia nzima. Mwenye kamera ya boksi anabaki na vitu viwili: asimame wapi, na abonyeze lini. Hata wewe mwenye vitufe 20, hivyo viwili bado ndiyo kazi.

Safisha nyuma kwanza. Kabla ya kutazama uso, tazama kinachoonekana nyuma. Nguzo ya umeme inaota kichwani kwa babu. Kreti za soda. Ndoo. Pikipiki ya mtu. Sogea hatua mbili kulia au kushoto, au chuchumaa, vinapotea. Ni rahisi kuliko kuvifuta kwa kompyuta usiku kucha.

Gawanya picha mara tatu. Washa mistari kwenye kioo, miwili ya wima na miwili ya kulala. Macho ya mtu yakae karibu na mstari wa juu. Mtu mmoja akiwa anaangalia kulia, mweke kushoto ili uwepo uwazi mbele ya macho yake. Ukitaka kuonyesha mawe makubwa ya kwetu au mibuyu, mstari wa ardhi ukae chini, na usipite katikati ya shingo ya mtu.

Usikate kwenye viungo. Picha inayokatia kwenye goti, kiwiko au kifundo inamfanya mtu aonekane amekatwa. Kata katikati ya paja, au kiunoni, au chukua mpaka viatu vyote.

Usimsogelee na lenzi pana. Lenzi inayokuja na kamera nyingi ni 18-55. Ukiiweka 18 ukamsogelea mtu, pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbilia nyuma. Rudi nyuma, vuta mpaka 55. Uso unatulia.

Watoto, shuka. Ukimpiga mtoto wa komunyo ukiwa umesimama, unapata utosi. Piga goti, lenzi iwe usawa wa macho yake.

Kundi kubwa, panga urefu. Wazee na wakwe wakae kwenye viti mbele, warefu nyuma, kila mtu aione lenzi. Mwambie, "Shikamoo babu, ukiiona kamera na kamera inakuona." Elekeza fokasi kwenye macho ya mstari wa mbele, tundu f/8, piga picha tatu au nne mfululizo. Kwenye watu 20 lazima mmoja kafumba macho.

7. UKUMBINI USIKU

Hapa ndo wanaoanza wengi wanapokwama. Ile lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 tundu lake kubwa kabisa ni f/5.6. Lenzi ya 50mm ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja, usibadilishe kamera, nunua 50mm f/1.8. Ni kati ya lenzi za bei ya chini, na mtumba wake upo.

Flashi ya juu inayozungushwa kichwa ni kitu cha pili. Ielekeze kwenye dari ya gipsamu nyeupe, mwanga unashuka laini. Kama dari ni bati au ni turubai, au mapambo ni ya zambarau, mwanga utarudi na rangi hiyo hiyo na wageni watakuwa zambarau. Hapo igeuzie ukuta mweupe kama upo, au weka kitambaa cheupe mbele ya flashi. Na kasi ya shata usivuke 1/200 ukitumia flashi ya kawaida, kwenye kamera nyingi ndogo utapata ukanda mweusi kwenye picha.

Ukiona michirizi ya giza kwenye picha na flashi hukuwasha, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, haraka kuliko jicho linavyoona. Shusha kasi mpaka 1/100, michirizi itapungua au kuisha.

Kuhusu rangi: taa za ukumbini zinatoa umanjano, nje kuna ubluu. Sehemu iliyoandikwa WB ndiyo ya kuiambia kamera nyeupe ni ipi. Piga picha ya kitambaa cheupe cha meza, badilisha WB mpaka kitambaa kiwe cheupe kweli. Ngozi itafuata yenyewe.

8. VUMBI, MGODI NA RUHUSA

Kiangazi chetu ni vumbi tupu. Ukibadilisha lenzi karibu na karasha, unaingiza unga wa mawe ndani ya kamera. Badilisha ndani ya gari au ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini. Kujua kama vumbi limeingia, weka f/16, piga picha ya anga tupu, kuza. Ukiona madoa yanakaa pale pale kwenye kila picha, ni vumbi. Fanya jaribio hilo hilo unaponunua kamera ya mtumba, na umulike lenzi kwa tochi uone kama ina kuvu.

Ukipata kazi ya kupiga duara au mwalo, ongea kwanza na msimamizi. Usipige picha ya mzigo wa mtu au sura za watu kabla hujakubaliwa. Dhahabu ni mali, na picha inaweza kumtangaza mtu kwa wezi.

Na hata harusini, picha ya mteja kuiweka kwenye ukurasa wako kama tangazo, muombe. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na sura ya mtu ni moja ya vitu vinavyomtambulisha. Andika mstari mmoja kwenye makubaliano: "Naruhusu / siruhusu picha zangu kutumika kwenye matangazo." Atie sahihi, yaishe. Kwa watoto wa shule ongea na mzazi.

9. KABLA HUJAPOKEA ADVANSI

Jipe wiki moja ya mazoezi haya:

Siku ya 1: Piga kitu kimoja kwa f/3.5, f/5.6, f/8 na f/16. Angalia nyuma panavyobadilika.
Siku ya 2: Simama barabarani, piga bodaboda zikipita kwa 1/60, 1/125, 1/250, 1/500.
Siku ya 3: Usiku ndani, piga mtu huyo huyo kwa ISO 400 mpaka 6400. Ijue kamera yako inaanza kuharibu wapi.
Siku ya 4: Mtu mmoja, saa 7 mchana juani, kivulini, mlangoni, na saa 12 jioni. Linganisha uso.
Siku ya 5: Mvalishe mtu shuka jeupe, halafu koti jeusi. Tumia +/- mpaka uso utoke sawa kwenye zote mbili.
Siku ya 6: Piga picha 20 za watu, kila moja safisha nyuma kwanza.
Siku ya 7: Rudia uliposhindwa.

Baada ya hapo, nenda harusi tatu kama msaidizi wa mpiga picha mzoefu, hata kama anakulipa nauli na chakula tu. Utajifunza pete inatoka lini, keki inakatwa upande gani, na wapi pa kusimama bila kumkera padri, shehe au MC.

Halafu jiulize maswali manne. Je, naweza kubadilisha kasi, tundu na ISO gizani bila kuangalia vitufe? Je, nina betri mbili zilizojaa na memori kadi mbili? Je, nina kamera ya akiba, hata ya kuazima, hii ikizima katikati? Je, nina sehemu mbili za kutunza picha usiku huo huo kabla ya kulala, bila kufuta kadi mpaka mteja apokee mzigo wake?

Ukijibu ndiyo kwa yote manne, pokea advansi na moyo mweupe. Ukikwama kwenye moja, endelea na pasipoti saizi, picha za familia Jumapili na picha za bidhaa za wenye maduka. Hizo zikiharibika unampigia mteja simu, anarudi kesho, mnarudia. Ndo shule yako hiyo, na inakulipa huku unasoma.

Una ndugu au rafiki anayejichanga anunue kamera? Mtumie somo hili kabla hajaenda dukani. Kazi njema wadau.